Baba Mkwe na Viti vya Okestra

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya misheni kule Plateau, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa na okestra yake mwenyewe. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu nililipinga kwa muda mrefu, na mtu aliyepinga jambo kwa ukali hana budi kukiri mapema, kabla hajaanza kujipamba. Okestra hiyo inakaa ndani ya kompyuta ya kupakata, juu ya meza iliyokuwa ya kupigia pasi, katika chumba chetu cha kulala huku Kimumu, Eldoret. Ina violini kumi na sita, chelo, filimbi, pembe, tarumbeta na ngoma kubwa, na hakuna mtu anayeshika hata ala moja kati ya hizo. Wanamuziki wa nchi za mbali walipiga noti mojamoja mbele ya maikrofoni, kila noti kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, kisha wakaenda zao nyumbani. Siku hizi mke wangu akitoka zamu huvua viatu, huketi ukingoni mwa kitanda, hubonyeza kinanda kidogo chenye urefu wa mkono, na watu wale hupiga anachotaka yeye.

Mimi ni mwalimu wa fasihi na historia. Nilimwambia kwamba huo ni udanganyifu.

"Unatusikizisha violini mahali ambapo hakuna violini," nilisema. "Ni sawa na kutoa ushahidi mahakamani kuhusu jambo ambalo hukuliona."

"Na zile riwaya zako, Mwalimu," akajibu bila kugeuka, "wale wote wanaokufa humo ndani, umewahi kwenda mazishi ya nani?"

Jibu nililipata baada ya wiki mbili, lakini lilikuwa refu mno, naye akaniomba nisilimalize.

Ukweli ni kwamba hakuanza kazi hiyo kwa ajili ya burudani. Aliianza kwa sababu ya baba yake.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Kisii aliyefanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Siku za kazi alitengeneza mashine za kufuma. Siku za Mungu aliongoza bendi ya tarumbeta ya kanisa, watu kumi na wawili. Yeye mwenyewe alipiga tarumbeta kubwa kuliko zote, ile inayokaa mapajani kama mtoto na mdomo wake kutazama juu. Alitunga wimbo mmoja tu maishani mwake, wimbo wa bendi kupiga huku ikitembea. Ukipigwa haraka, ulitangulia maharusi kutoka kanisani. Ukipigwa polepole, ulitangulia jeneza. Sikuwahi kusikia mtu akilalamika kwamba wimbo ni mmoja. Ulipigwa haraka siku yetu, nami nakumbuka jinsi nilivyojitahidi kutembea kwa heshima ilhali miguu yangu ilitaka jambo lingine.

Kisha ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa 2007, na Januari ile ya ghasia za makabila.

Mimi ni mwenyeji wa nyanda hizi. Kinandi ndiyo lugha niliyojifunzia kulia na kucheka. Jina langu lilikuwa ngao ambayo sikuiomba wala sikuistahili. Siku ya kwanza moshi ulipoonekana upande wa mashariki, nilimchukua mke wangu, nikampeleka kwa mama yangu, mashambani, akakaa ndani akipika na kunyamaza. Siku ya pili baba yake alinipigia simu. Alikuwa peke yake katika nyumba yake pembeni ya mji, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekwenda nyumbani Kisii kwa Krismasi. Aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa mama, salama. Kisha akauliza mambo yakoje, nami nikaanza kuhutubu. Nilimwambia abaki. Nilimwambia majirani zake wote wamewahi kuzika mtu nyuma ya bendi yake, na kwamba binadamu hamchomei nyumba mtu aliyemsindikiza mamake kaburini. Nilisema mengi kuhusu binadamu. Yeye alisema, "Haya, Mwalimu," simu ikakatika.

Siku mbili baadaye nyumba ile iliungua. Yeye alitolewa mapema na jirani mmoja, akapitishwa kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa hadi kituo cha polisi. Alikaa chini ya turubai kwa majuma, kisha akapanda lori kwenda Kisii akiwa na koti na kitambulisho. Ala zote za bendi zilikuwa ndani ya nyumba yake, pamoja na karatasi za wimbo wake. Nilikwenda kupaona mahali pale. Tarumbeta ikipata moto wa kutosha hulegea na kulala chini kama nguo, jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote.

Mtu atauliza: uliyemficha mke, ulimshaurije baba yake abaki? Nami nilijiuliza hivyo kwa miaka kumi na minne. Jibu ninalo, wala si zuri. Mke wangu nilimpa tahadhari. Baba yake nikampa falsafa.

Hakunilaumu hata siku moja. Tulipokwenda kwao Kisii alinipokea kwa adabu kamili, akanikalisha mahali pa mkwe, akauliza habari za mvua. Lakini simu yangu hakuipiga tena, na Eldoret hakurudi. Kila mwaka mke wangu alimwambia, "Baba, sasa tumejenga. Utakuja lini uone mahali ninakaa?" Naye kila mwaka aliutazama mlima ulio mbele ya boma lake na kusema, "Eldoret kuna baridi."

Jicho lake la kushoto lilianza kuingiwa na ukungu. Mke wangu, ambaye huwapima watu macho kama sehemu ya kazi yake, alijua maana yake. Alitaka jambo moja tu: baba yake aione nyumba yake akiwa bado anaona. Nami nilijua kwa nini haji. Nilikuwa nalala ubavuni mwa anayeumia, na sababu ya maumivu yake ilikuwa mimi. Au ndivyo nilivyoamini.

Basi mke wangu akaamua kuufufua wimbo. Alipokuwa msichana ndiye aliyebeba karatasi za bendi kwenye mkoba wa plastiki, na alikuwa amezikariri kwa macho bila kukusudia. Ilimchukua miezi. Aliandika sehemu moja baada ya nyingine ndani ya kompyuta, akaongeza violini ambazo bendi haikuwahi kuwa nazo, "ili asikie jinsi ungekuwa na watu wengi."

Hapo ndipo nilipojifunza kuhusu vyumba. Noti zile, jinsi zilivyorekodiwa, ni kavu. Ukizisikiliza zilivyo, ni kama mtu anaongea ndani ya sikio lako bila kuwa na mwili. Kwa hiyo kuna programu nyingine, ambayo kazi yake ni kutengeneza mahali. Inakuonyesha sakafu ya ukumbi kama ambavyo ndege angeiona: jukwaa, kuta, na nukta ndogo. Kila ala ina njia yake ya sauti, na njia hiyo unaielekeza kwenye ukumbi. Ukiivuta nukta nyuma, mpigaji anarudi nyuma. Ukuta wa kushoto unamjibu kabla ya ukuta wa kulia, na sikio lako linajua amekaa wapi hata kama macho yamefumba. Nukta ya mwisho ni ya msikilizaji. Nilipoonyeshwa hili, upinzani wangu ulipungua. Sikumwambia.

Programu ilikuwa na kumbi nyingi: makanisa ya mawe, kumbi za mbao, vyumba vya kifalme, hata kisima. Mke wangu alizijaribu zote kwa subira ileile anayotumia kutafuta mshipa wa mtoto. Violini aliziweka katika kanisa kubwa la mawe, kwa sababu humo ziliimba kama malaika. Filimbi aliipa kijichumba cha vigae. Pembe alizipeleka ukumbi wa mbao. Ngoma aliipa mahali papana kupita vyote. Kila moja, ukiisikiliza peke yake, ilikuwa ya ajabu. Aliponichezea wimbo wote kwa pamoja, nilisifu. Mtu asiyejua jambo hapaswi kusifu, lakini nilisifu, tena kwa sauti.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo, akanipa sababu iliyonifanya nimpende upya. Kwao, wakwe wakija, mwenyeji mwema hawachanganyi. Siku ya kuzungumzia ndoa yetu, wazee wa kwetu walikaa sebuleni, shangazi zangu wakapewa nyumba ya jirani, mama zake wakakaa jikoni na mlango umerudishwa, na vijana wakakaa nje. Kila kundi liliandaliwa chumba kizuri kadiri ilivyowezekana, na heshima ilikuwa hiyo: hakuna aliyelazimika kukutana na asiyepaswa kukutana naye. Yeye aliipokea okestra kama wakwe.

Alimtumia baba yake wimbo huo kwa simu. Siku tatu zikapita kimya. Siku ya nne, nikiwa nasahihisha insha katika chumba cha walimu, simu yangu ililia, na jina lililoonekana lilikuwa lake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari ile. Nilisimama. Walimu wenzangu walinitazama.

"Mwalimu."

"Naam, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kitu ya msichana wangu nimesikia."

"Ndiyo, Mzee."

"Hawa watu hawako pamoja." Alikohoa. "Wa violini wako kanisa ya Wazungu. Yule wa filimbi yuko choo. Mwenye ngoma sijui yuko Uganda. Nani aliwatenganisha hivi?"

Nililichukua swali hilo kama lilivyonijia mimi, swali la Januari ile, si kama alivyolikusudia.

"Mwambie awarudishe," akasema, na kukata.

Mke wangu alizisogeza njia zote za sauti, akazielekeza ukumbi mmoja. Akatuma tena. Simu ikaja kwake safari hii, akaiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

"Sasa wako pamoja, lakini wamekaliana," baba akasema. "Mwenye ngoma amekalia watu wa pembe. Sogeza yeye kushoto."

"Kushoto kwa nani, Baba? Kwa wapigaji ama kwa mtu anawaangalia?"

"Kushoto! Kwani kuna ngapi?"

"Kuna mbili, Baba."

"Mbili! Hospitali imekuharibu. Kushoto kwangu."

"Wewe uko wapi?"

"Niko hapa Kisii nateseka!"

Walibishana hivyo mpaka mke wangu akaanza kucheka, na kicheko chake kikamwudhi mzee zaidi. Akasema jambo kwa Kikisii, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nielewe: "Nitakuja Alhamisi." Simu ikakatika. Mke wangu aliketi kitandani akiwa ameishika kwa mikono miwili. Tulikuwa tumemwalika kwa chakula, kwa picha za nyumba mpya, kwa machozi; na sasa alikuwa anakuja kwa sababu mtu wa ngoma amekaa vibaya.

Desturi ya kwao hairuhusu baba wa mke kulala chini ya paa la mkwe wake, kwa hiyo tulimwekea chumba katika nyumba ya wageni mtaani Pioneer. Nilimpokea mjini kwa gari. Alikuwa amekonda, amevaa kofia na shati lililopigwa pasi kwa hasira. Nilipoukaribia mzunguko wa barabara, akasema, "Pitia upande ule mwingine." Nikazunguka mbali, nisiione ile barabara ya kwenda kwake zamani, naye asiione. Mapajani alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na hakuifungua mpaka kesho yake.

Kesho yake alikataa nimfuate. Alikuja kwa bodaboda, amekaa wima kabisa nyuma ya dereva, mkono mmoja juu ya kofia. Alizunguka nyumba yetu mara moja kwa nje, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama tangi la maji. Akasema ni sawa. Mke wangu aliingia jikoni ghafla, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kisha likatokea ambalo sisi wawili, kwa elimu yetu yote, hatukuwa tumelifikiria. Mke wangu alitangulia, akafungua mlango, akasema, "Karibu, Baba, ndiyo hii." Mzee alisimama kwenye ushoroba kama aliyefika ukingo wa shimo.

"Hapo siingii."

"Baba, ni kompyuta tu."

"Na ile kitanda? Ile pia ni kompyuta?"

Baba haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Nililijua hilo, nilikuwa nimewaeleza hata wanafunzi wangu. Lakini chumba kile kilikuwa kimekuwa studio machoni petu kiasi kwamba kitanda hatukukiona tena.

Tukahamisha kila kitu sebuleni: kompyuta, kinanda, spika mbili na nyaya zake. Sebule yetu ina sakafu ya saruji, madirisha mapana, na mabati juu yake bila dari, kwa sababu dari iliishia vyumbani. Mke wangu alibonyeza, bendi ikaanza, na mzee akainua mkono.

"Simamisha. Chumba hiki kinajibu."

Alikuwa na haki. Ukumbi uliokuwa ndani ya kompyuta ulitoka kwenye spika na kugonga ukumbi wetu, tukapata chumba ndani ya chumba, na wimbo ukawa kama watu wanaogombania mlango. Tukaning'iniza blanketi madirishani. Tukatandika mablanketi mengine sakafuni. Ukuta wa nyuma ulibaki unajibu, na mke wangu akasema godoro ndilo dawa. Nikalileta. Lilikataa kusimama. Liliteleza kushoto, likateleza kulia, na hatimaye njia ikabaki moja: mimi niingie nyuma yake, kati ya godoro na ukuta, nilishikilie kwa mabega. Mimi ambaye sijawahi kuruhusu gazeti lilale sofani, nilisimama sebuleni mwangu nyuma ya godoro kwa zaidi ya saa moja, nikisikia kila kitu na kutoona chochote.

Nilisikia karatasi ikifunguliwa. Baadaye niliiona: maduara kumi na mawili kwa kalamu ya risasi, yamepangwa kama walivyokaa wenzake katika chumba cha mazoezi.

"Hawa wa violini ni wageni," alisema. "Waweke mbele, wasikie wenyeji nyuma yao." Nikasikia kipanya cha kompyuta kikibofya. "Pembe ya kwanza, huyu alikuwa anaharakisha. Mweke karibu na ngoma, ashikwe. Hapo. Hapana, karibu zaidi, alikuwa mkaidi. Sasa hawa tarumbeta wawili walioa dada wawili na hawakusalimiana. Tia filimbi katikati."

"Baba, kompyuta haijui mambo ya dada."

"Lakini mimi najua. Tia."

Akatia. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu jamii na mapatano, na katika miaka ile baada ya ghasia nilialikwa mara kadhaa kuzungumza juu ya umoja, nikazungumza. Nyuma ya godoro nilisikia mtu akipanga watu kumi na wawili kwa kujua tu nani anahitaji kumsikia nani, na nani asikae karibu na nani. Hakulitaja neno umoja.

Wimbo ukachezwa. Kwa mara ya kwanza wote walikuwa mahali pamoja. Ukuta mmoja uliwajibu wote kwa wakati mmoja, na ngoma ilipolia, nilihisi kwenye mabega yangu kwamba sakafu yao ni moja. Nilidhani kazi imekwisha.

"Na hii nukta nyingine ni nani?" mzee akauliza.

"Hiyo ni wewe, Baba. Msikilizaji. Uko mbele kabisa, mahali pa kiongozi."

"Mimi sijawahi kukaa mbele. Nilikuwa nyuma na ile tarumbeta kubwa, nikiwaongoza kwa pumzi. Nipeleke nyuma."

"Utasikia migongo yao tu, Baba."

"Ndiyo ninayoijua."

Mke wangu akaivuta nukta hadi nyuma, akauanzisha wimbo upya. Sikuona uso wa mzee, na ninashukuru. Nilisikia kiatu chake kikigonga blanketi kwa mpigo, polepole, mwendo wa jeneza, kisha mke wangu akaongeza kasi nacho kiatu kikaifuata. Wimbo ulipoisha, alivuta pumzi kwa pua, akasema, "Hapo." Mke wangu akasema anakwenda kutengeneza chai.

Tukabaki wawili, na godoro katikati yetu. Mkwe na baba mkwe hawazungumzi mambo mazito uso kwa uso bila mtu wa kati. Pengine ndiyo sababu tulikuwa tumenyamaza miaka yote hiyo. Sasa tulikuwa na mtu wa kati, wa sponji. Nikasema:

"Mzee, Januari ile ulinipigia simu."

Nilisikia kiatu chake kikisogea juu ya blanketi.

"Nilikushauri ubaki. Mke wangu nilikuwa nimekwisha kumficha. Nilikosea, Mzee. Nimetaka kukuambia kwa miaka mingi."

"Shikilia godoro vizuri, linakuja."

Nililisukuma.

"Mwalimu," akasema, "ulisema nini siku hiyo?"

"Kwamba majirani hawatakugusa. Kwamba umewazikia—"

"Hayo sikusikia. Mimi nilipiga nijue msichana wangu yuko wapi. Ukasema yuko kwa mama. Baada ya hapo niliweka simu mezani, nikaenda kuhesabu tarumbeta. Uliongea sana?"

"Kiasi, Mzee."

"Nilirudi nikakuta bado unaongea. Nikasema haya." Alikohoa, na sikuweza kujua kama ni kikohozi au kicheko. "Kubaki nilikuwa nimeamua asubuhi. Zilikuwa kumi na mbili, pamoja na ngoma. Ningebeba namna gani? Watu walinipa niwawekee. Nikawaza, nikiwa ndani hawatachoma. Kisha nikatoka, nikaziacha." Akakohoa tena. "Wale watu wa bendi bado wako hapa Eldoret. Ningekutana nao barabarani niwaambie nini?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Nilikuwa nimebeba hatia ya mashauri ambayo hayakusikilizwa. Kwa miaka kumi na minne nilijiona kuwa chanzo cha msiba wa mtu, na katika kujihukumu huko mlikuwa na majivuno ambayo sikuyatambua: nilidhani hata kosa langu lina uzito mkubwa. Inawezekana pia kwamba alinidanganya siku ile kwa hisani, kwa kuwa ni mtu wa namna hiyo. Nimekubali kutojua. Lakini kosa la kumpa mtu falsafa mahali pa gari halifutwi kwa sababu alikuwa ameiweka simu mezani, na sijalifuta.

Mke wangu alirudi na chai, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, aliyoiomba kwa mama yangu, kwa sababu baba yake aliipenda zamani na hakuipata tena Kisii. Akaniambia nitoke. Nikatoka nyuma ya godoro nikiwa nimejaa vumbi, na mzee akanitazama kwa jicho lake zima.

"Mwalimu, wewe ni ukuta mzuri," akasema. "Haujibu."

Mke wangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. Nami nilicheka, jambo ambalo huwa silifanyi upesi. Tukanywa. Saa tisa mvua ya huku ilianza, ikapiga mabati kwa kishindo kilichoweza kumeza okestra kumi, na kazi ikakoma yenyewe. Mzee aliitazama ile mvua, akainua bega, akasema wale wa nyuma bado wako mbali kidogo, na tarumbeta ya pili alikuwa mtu mrefu, sauti yake lazima ipite juu ya vichwa. Kesho wataanza na huyo. Kisha akamwuliza binti yake, huku akiitazama chai yake, kama yule wa pembe ya kwanza, yule wa kuharakisha, bado ana duka kule sokoni.

"Yuko, Baba. Anakuulizia kila mara."

"Huulizia tarumbeta?"

"Huulizia wewe."

Mzee aliikunja karatasi yake mara nne, akaifungua, akaikunja tena.

Mvua ilipopungua nikampigia simu mtu wa bodaboda. Mzee alisimama mlangoni akiwa na shati lake tu, na upepo wa Kimumu baada ya mvua hauna huruma kwa mtu aliyetoka Kisii. Akageuka kwangu.

"Eldoret kuna baridi," akasema. "Una koti?"

Nikampa langu la kijivu, la shule, ambalo mifuko yake imejaa chaki. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akapanda bodaboda. Nilimsikia akimwambia dereva apitie sokoni.

Hajalirudisha koti hilo. Huja nalo kila likizo, akalala Pioneer, akapanga watu wake sebuleni kuanzia asubuhi mpaka mvua, nami huingia nyuma ya godoro bila kuambiwa.